Macho Kwenye Mkono Wangu

Nyumbani kwetu kila kitu kilipigwa. Nyama ilipigwa, milango ilipigwa, mbwa alipigwa mpaka akahama mwenyewe, na sisi watoto tulipigwa kwa zamu. Baba alikuwa na bucha karibu na stendi, chumba cha mbele cha nyumba yetu chenye vigae vyeupe, kulabu za kutundikia, gogo la kukatia na panga pana alilolibatiza jina la Mwalimu Mkuu. Alikuwa na kifua kama mlango wa ghala, na sauti nzito iliyotokea tumboni. Akimwambia mteja "karibu", chupa ndani ya friji ziligongana. Wateja walimpenda kwa sababu hakupunja mizani. Mama alimwogopa. Mimi nilimchukia tangu nikiwa na meno ya utoto, na nasema wazi, kwa sababu watu wetu mtu akishapatwa na makubwa huanza kumkumbuka kwa mema. Mimi kumbukumbu yangu haina adabu hiyo.

Lakini habari hii ni ya dada yangu. Tulimwita Nyuki kwa sababu hakuweza kufanya kazi bila kuvuma. Anaosha matumbo kwenye beseni, anavuma. Anasukuma maji ya damu kwa ufagio, anavuma. Mungu alimpa sauti ya baba ile ile, akaivisha gauni. Kanisani mwalimu wa kwaya alihangaika asijue amweke wapi: kwa wanawake alizama, kwa wanaume watu walicheka. Mwishowe akamkalisha kwenye kinanda cha umeme kilichokuwa kimekaa bure, akamwambia, "Basi wewe mama, piga tu, usiimbe." Dada akagusa vitufe, na toka siku hiyo hatukuwa naye tena vizuri. Mwili ulikuwa buchani, akili iko kanisani.

Kanisa liliponunua kinanda kipya, mwalimu wa kwaya akampa kile cha zamani. Alikileta nyumbani kimefungwa kwenye khanga, akakificha chini ya kitanda chetu, anakipiga kwa sauti ndogo kama mtu anayeiba sukari. Jumamosi moja wateja walijaa, Baba akaita mara moja, akaita mara ya pili, Nyuki hakusikia. Baba hakuita mara ya tatu. Aliingia chumbani, akatoka na kinanda kwapani, akakilaza kwenye gogo mbele ya wateja, akamshika Mwalimu Mkuu.

Hakukipasua ovyo. Alikikata kwa ustadi wake, vipande vinavyolingana, kama mbavu. Vitufe vyeupe na vyeusi vilirukia kwenye maini, vingine vikamgonga mama mmoja aliyekuja kununua utumbo. Alipomaliza akamgeukia Nyuki, akampiga mgongoni kwa ubapa wa lile panga mpaka akaanguka kwenye maji ya damu. "Mchelea mwana kulia," alisema Baba akihema, "hulia yeye." Ndiyo methali pekee aliyoijua, na aliitumia kama dawa ya kila ugonjwa.

Aliyemkomesha ni shangazi, dada yake mkubwa. Duniani kote huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa na kibali cha kumpiga Baba. Habari zilimfikia, akaja kabla jua halijazama, na mchi wa kinu mkononi, akamtandika bega la kulia mbele ya wateja wale wale.

"Unachinja kinanda? Ulikuta kina mafuta?"

"Dada, huyu mtoto—"

"Huyu mtoto kuanzia leo ni wangu. Ukija kwangu kumfuata, leta na kichwa chako, maana hutarudi nacho."

Basi Nyuki akahamia kwa shangazi, akamalizia shule huko. Siku moja shangazi akaja kutuarifu kwamba amepata nafasi chuo kikuu, kusomea muziki wa ibada. Baba alikuwa ananoa kisu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Shahada ya nyimbo za kanisa? Kwani Mungu anadai cheti?"

"Mbona ng'ombe hawadai leseni, na wewe unayo ukutani?" alijibu shangazi.

Baba hakuwa na jibu, na asipokuwa na jibu mtu mwingine huumia. Usiku huo aliumia Mama.

Nilikwenda kumtembelea Nyuki chuoni mara nyingi, nikisingizia kununua viungo vya bucha mjini. Nilidhani nitakuta watawa wamefumba macho. Nikakuta kazi ya kutoa jasho. Vyumba vya mazoezi vilikuwa vidogo kama vyoo vya stendi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele za mmoja zisimfikie mwenzake. Walisoma nyimbo za watawa wa zamani zilizoandikwa kwa alama za mraba, walisoma teolojia, walijifunza kuandika sauti nne, soprano, alto, teno na besi, zitembee pamoja bila kukanyagana miguu. Daftari la Nyuki lilikuwa limejaa wino mwekundu. Nikamwambia linafanana na gogo la Baba. Hakucheka.

Mwalimu wake wa kinanda alikuwa bibi mfupi, mkali, mwenye kulenga vizuri. Ndiye aliyewafundisha pia kuongoza kwaya, na mwimbaji aliyetazama pembeni alipata kipande cha chaki kwenye paji la uso. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: "Macho kwenye mkono wangu." Ya pili: "Wimbo wa ibada hauachwi katikati. Mtu akizimia, azimie. Wewe maliza, ndipo ukamwagie maji."

Kinanda chenyewe hakikuwa cha kubeba kwapani. Kilikuwa cha mabomba, kirefu kufika dari, kimejengwa kwenye roshani nyuma ya kanisa la chuo. Mpigaji anawapa watu mgongo, kwa hiyo amewekewa kioo kidogo mbele yake aione altare. Mikono inapiga vitufe, na miguu nayo ina vitufe vyake vya mbao chini, virefu, vya sauti nzito. Chini ya miguu ya Nyuki ndipo sauti ya Baba ilipokaa. Aliwahi kuniambia, "Ukikanyaga hapa, unasikia mtu mkubwa anaitikia. Lakini huyu hapigi mtu."

Swali lililojificha kwenye kicheko cha Baba, kwamba elimu ile inampeleka mtu wapi, nililiuliza mwenyewe kwa wenzake. Kumbe milango haikuwa michache. Mmoja sasa anafundisha sekondari. Mmoja anaongoza kwaya ya kanisa kuu na amekuwa na kiburi cha tausi. Mmoja yuko kwenye bendi ya jeshi, anapuliza tarumbeta kwenye maziko ya makamanda. Mwingine ametulia studio, anawatengenezea waimbaji wa injili sauti wasizozaliwa nazo. Kuna kijana mwembamba anayetambaa ndani ya vinanda vya mabomba akivitengeneza, anatoka na kinyesi cha popo kichwani, na ana kazi kuliko wote. Na kuna dada mpole anayekwenda hospitali kuwaimbia wanaokata roho. Nyuki yeye alitaka kile kinanda tu. Mwalimu wake alisema ana mikono ya kumfikisha mbali.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa hadhara. Mtahiniwa anapiga, watahini wanakaa chini kanisani na kalamu, wazazi wanaalikwa. Mama alimbembeleza Baba wiki nzima, akidhani akimsikia mwanawe atalainika. Baba akakubali, tena akaja na rafiki yake muuza ng'ombe. Tusichokijua ni kwamba miaka yote ile alikuwa amemwambia kila mtu stendi kwamba binti yake anasomea uhasibu.

Tulikaa benchi la tatu. Mwalimu mfupi alisimama akatoa utangulizi: huyu binti ametokea familia ya mwenye bucha, amemaliza masomo ya muziki wa ibada, na tunatarajia ataendelea nje ya nchi, hatarudi nyuma. Muuza ng'ombe alimgeukia Baba, macho yamemtoka.

"Kumbe uhasibu wenyewe ndio huu wa kupigia watu nyimbo za matanga?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ni mtu wa kucheka tu. Nyuki akaanza kupiga. Nikaona shingo ya Baba inajaa. Nilidhani anatoka nje kuvuta hewa, kwa sababu alielekea mlangoni. Lakini karibu na mlango ndipo ngazi za roshani zilipo.

Nyuki alimwona kwenye kioo. Ameniambia hivyo. Alimwona anatokeza kichwa, kisha kifua, akajua kabisa anakuja kufanya nini, na miguu yake ikataka kukimbia. Lakini wimbo ulikuwa katikati. Kinanda kile kina kifuniko cha mbao ngumu, kizito, cha kuinuliwa kwa mikono miwili. Dada aliwahi kuvuta mkono wa kushoto. Baba alikibamiza kifuniko juu ya mkono wa kulia, halafu akakilalia kwa kifua.

Chini tulisikia kishindo, na ukelele mmoja. Kisha sauti zote za juu zikanyamaza, ikabaki besi peke yake. Miguu ya Nyuki iliendelea. Vitufe vya juu vimefunikwa, mkono uko ndani, baba yake amelala juu ya kifuniko anatukana, na miguu inatembea taratibu kwenye zile mbao, noti baada ya noti, mpaka mwisho wa wimbo. Mtahini mmoja, mjinga kwa kusoma sana, aliandika alama nzuri akidhani ni ufundi. Mwalimu mfupi ndiye aliyejua. Alipanda zile ngazi akiwa amevua kiatu, na alipofika juu alimpiga Baba nacho usoni, mara nyingi, mpaka walinzi wakaja kumwondoa Baba. Hata leo Baba ana kovu la kisigino cha kiatu juu ya nyusi. Nikiliona nafurahi.

Vidole viwili, cha kati na cha pete, vilivunjika kwenye viungo. Madaktari walivinyoosha, navyo vikakauka vikiwa vimenyooka hivyo hivyo. Vingine vinakunja. Hivyo viwili husimama kama watu waliokataa kukaa.

Polisi walimchukua Baba, na hapo ndipo Mama alipokuja hospitali. Alikaa kitandani, akamshika dada mkono mzima.

"Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Ifute hii kesi. Mtoto hamfungi baba yake."

"Mama, mimi simfungi. Mimi nasema kilichotokea tu."

Mama akamzaba kofi. Nyuki ana sindano ya maji mkononi, bandeji mkono wa pili, na Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpiga mtu, akamzaba kofi la uso. Halafu akaangukia miguuni pake akalia. Mimi nilitoka nje nikapiga teke pipa la taka mpaka nesi akanifukuza.

Mahakamani hakimu alimwambia Nyuki ainue mkono watu wauone. Akauinua. Karani aliutazama, askari waliutazama, muuza ng'ombe aliutazama akafuta machozi. Baba alitazama feni ya darini. Hakimu akamwambia, "Mshtakiwa, mtazame binti yako." Baba akaendelea na feni yake, akahesabu mapanga yake kwa midomo, mpaka hukumu ikasomwa akapelekwa gerezani. Tokea siku hiyo nilikuwa na haja moja duniani. Sikutaka aombe radhi. Radhi ya mtu kama yule ni upepo. Nilitaka autazame ule mkono.

Mimi nikaishika bucha. Mwalimu Mkuu sasa ni wangu, na mizani yangu pia haipunji.

Nyuki alipata shahada yake, lakini kinanda kiliondoka. Kanisa kuu walimwita, wakamhoji, wakautazama mkono, wakampa chai. Makanisa mengine hata chai hayakutoa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vitatu havipigi kinanda cha mabomba. Kilichobaki ni ile nusu ya pili ya elimu yake, kuongoza kwaya, ambayo haihitaji vidole, inahitaji mkono unaoonekana. Padri wa gereza alikuwa akitafuta mtu wa kuunda kwaya ya wafungwa, na wahitimu wote walikuwa wamemkimbia. Nyuki akaenda.

"Baba yangu yumo humo," alimwambia. "Ni bora ujue."

"Humo ndani kila mtu ni baba wa mtu," Padri alijibu. "Unaweza kufundisha besi?"

"Besi ndiyo ninayoiweza kuliko zote."

Nyuki aliponieleza nilimrukia. Nilimwambia anajitafutia kifo, nilimwambia amerogwa, nikavunja na sahani kwa hasira, maana na mimi ni mtoto wa baba yangu. Akaokota vipande. "Kazi ni kazi," alisema. "Wewe hukati nyama kwa panga lile lile?"

Yaliyotokea gerezani mengine alinieleza yeye, mengine nilielezwa na askari jela aliyesimamia mazoezi. Huyo afande baadaye alinioa, kwa hiyo ninayasikia mpaka leo, hata nisipouliza.

Walifanyia mazoezi kwenye karakana ya useremala, kwenye harufu ya gundi na vumbi la mbao. Siku ya kwanza, kabla hawajafungua mdomo, Nyuki aliuinua mkono wa kulia.

"Mnaona hivi viwili? Havikunji. Mwongozaji mwingine akitaka mnyamaze anafunga ngumi. Mimi ngumi yangu haifungi. Vingine vikikunjwa, hivi viwili vikabaki vimesimama, hapo nyamazeni. Msisubiri ngumi, hamtaiona. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," walijibu wezi, wauaji na matapeli, na hakuna aliyeuliza vilipatwa na nini. Gerezani habari hufika kabla ya mwenyewe.

Baba hakuwepo siku hiyo. Alikuja wiki kadhaa baadaye, mwenyewe, bila kuitwa, akasimama mwisho wa mstari wa besi. Afande anasema alikuja kukwepa kuponda kokoto, kwa sababu wanakwaya walisamehewa kokoto siku za mazoezi. Labda. Hakumsalimia Nyuki, na Nyuki hakumsalimia. Lakini alipofungua mdomo, misumari iliyokuwa mezani ilicheza. Sauti ile ilikuwa chini kuliko za wote.

Tatizo ni kwamba hakumtazama mwongozaji. Macho yake yalikuwa kwenye viatu. Alijifichia kwa jirani yake, mfungwa mzee mnene waliyemwita Kobe, naye ni besi wa chini. Kobe akianza, Baba anaanza. Kobe akikata, Baba anakata. Kwa hiyo kila mara alichelewa kidogo, wenzake wameshafika yeye ndiyo kwanza anaingia, kama mkia wa ng'ombe unaopita mlangoni baada ya ng'ombe.

"Macho kwenye mkono wangu," alisema Nyuki. "Wote."

Viatu.

"Tunarudia. Macho kwenye mkono wangu."

Viatu. Walirudia mpaka waimbaji wa teno wakaanza kulaani. Afande alipendekeza amtoe. Nyuki akakataa, akasema sauti hiyo haipatikani dukani. Mimi aliponisimulia nilipiga meza. "Mlazimishe!" nilimwambia. "Mpige kwa chaki kama yule mwalimu wako!" Akaniambia mtu huwezi kumshika macho.

Askofu alipangiwa kuja kuzuru gereza, na ndugu wa wafungwa wakaalikwa. Siku moja kabla, kwenye foleni ya chakula, Kobe alichoka. Alikuwa mtu wa taratibu, lakini kila mtu ana mwisho.

"Mzee, kesho mtazame mwalimu. Mimi si redio yako." Halafu akaongeza, na watu wote wanasikia, "Mkono wa mwanao unakuogopesha nini? Uliuvunja hukuuogopa."

Baba alimpiga kwa bakuli la bati. Afande anasema sauti ya taya ya Kobe ilikuwa kama tawi kavu. Kobe akaanguka, Baba akamkalia kifuani akaendelea, bakuli likakunjika, akalitupa akatumia ngumi. Wanakwaya wakamvamia Baba, wale wawili wa teno na soprano wao, kijana aliyekuwa mwizi wa kuku, wakamkanyaga mbavu na uso. Maharage na damu vikachanganyika sakafuni. Askari wakaingia na virungu wakapiga kila kilichosogea. Huyu mume wangu anakiri alimpiga hata mpishi. Kobe akapelekwa zahanati na taya limefungwa kitambaa. Baba akavutwa kwa miguu, jicho la kushoto limevimba mpaka limefunga.

Mkuu wa gereza akaamua akae selo ya peke yake. Nyuki alipofika akaambiwa. Akaenda kugonga ofisini, Padri akiwa nyuma yake.

"Mkuu, namhitaji kesho."

"Huyo mnyama?"

"Besi wa chini ninao wawili, mmoja ameshavunjwa taya. Nikimkosa na huyu wimbo hauna sakafu."

Mkuu akakubali kwa shingo upande. Walipotoka, Padri alimshika Nyuki kiwiko. "Mwanangu, una hakika unamtaka kwa ajili ya besi?"

"Padri, hii kazi nimeisomea," alisema Nyuki.

Kesho yake tulikwenda: mimi, Mama na shangazi. Tulipekuliwa, tukakalishwa kwenye mabenchi uwanjani, chini ya paa la bati. Askofu alikaa mbele. Wafungwa wakaingia kwa mstari, wengine wanachechemea, mmoja hana meno ya mbele aliyokuwa nayo juzi. Baba alikuja wa mwisho. Alikuwa amepungua, kifua kimeingia ndani. Jicho moja limefungwa, midomo imepasuka. Pembeni yake palikuwa wazi, mahali pa Kobe.

Wimbo ulianza na waimbaji wa teno. Besi walipoingia, Baba aliachwa. Aligeuka upande wa Kobe kwa mazoea, akakuta hewa. Akaingia amechelewa, akakosea, akanyamaza, akaingia tena pabaya. Hata Mama, ambaye hajui muziki, aliinamisha uso. Nilimwona Baba anatafuta kwenye viatu, hamna kitu. Anatafuta kwenye bati la juu, hamna kitu. Ubeti wa pili ulipokaribia alikuwa anatoka jasho.

Akainua lile jicho moja, akautazama mkono.

Shangazi alinibana paja mpaka nikaumia. Niliona kabisa: jicho lilitua kwenye vile vidole viwili, likaruka kama limegusa jiko la moto, likarudi. Mkono ukashuka, na Baba akaingia palepale, sawasawa, hakuchelewa hata kidogo. Bati lilitetemeka juu yetu. Tangu hapo hakuondoa jicho. Mkono ukienda kulia linakwenda nalo, ukipanda linapanda. Nilijiambia, haya, umepata ulichotaka, furahi sasa. Furaha haikuja.

Wimbo ule unaishia kwa sauti moja ndefu, wote pamoja, besi wakiwa chini kabisa. Nyuki aliuinua mkono, akaushikilia, kisha akaufunga. Vidole viwili vikabaki vimesimama. Kwaya nzima ikanyamaza kwa mara moja, kama mlango umefungwa.

Baba hakunyamaza.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Siku ya kwanza hakuwepo, na siku zote nyingine alimfuata Kobe. Yeye alijua wanavyojua watu wote: mwongozaji anafunga ngumi, unaacha. Alikuwa anasubiri ngumi. Akaendelea peke yake, sauti ile nzito, uwanja mzima kimya, jicho limeganda kwenye mkono. Askofu akageuka. Afande akapiga hatua moja, Padri akamzuia.

Nyuki angeweza kuushusha mkono, yakaisha. Hakuushusha. Nilimwona anajaribu kuufunga. Mshipa wa shingo ulimsimama, kiwiko kikatetemeka, vile vidole vikatikisika bila kukunja. Alijaribu kweli, kama mtu anayetaka kumsaidia mwingine. Na Baba akamwona anajaribu. Pumzi ilikuwa inamwishia, sauti ikaanza kukwaruza, ikapasuka, akaisukuma tena, na bado ngumi haikufunga, mpaka ikakatika yenyewe kooni.

Mdomo ulibaki wazi. Taratibu akainua mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Ulifunga bila shida. Akautazama kama kitu alichokiokota njiani.

"Mbona yeye hakuacha na wenzake?" Mama aliniuliza kwa kunong'ona.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Alikuwa anasubiri ufunge," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mchi.

Nyuki alifuta jasho kwa mkono wa kushoto, akageuza ukurasa. "Wimbo wa pili," alisema. "Besi ndio mnaanza. Macho kwenye mkono wangu."

Baba akatazama. Machozi yalimtoka hata kwenye jicho lililovimba, hakuyafuta, na hakuutoa uso wake kwenye ule mkono. Mimi, niliyeyangoja hayo miaka yote, nilikuwa natazama viatu vyangu.